Taifa lenye ngoma nyingi lisilo na okestra: Somo kutoka Bujora

KILA mwaka inapofika Juni, njia inayoacha lami ya barabara kuu ya Mwanza–Musoma pale Kisesa na kupanda kuelekea kilima cha Bujora hujaa watu. Wapo wanaotembea kwa miguu na wapo wanaobebwa na bodaboda. Wengine hufika kwa malori wakiwa na ngoma zao, majembe ya kuchezea, njuga na mavazi yaliyofungwa kwenye mafurushi. Wote wanakwenda Bulabo.

Jina hilo kwa Kisukuma lina maana ya maua. Ni sikukuu iliyochipuka kutoka maandamano ya Kanisa Katoliki ya Ekaristi Takatifu, ambayo kwa miongo mingi imeambatana na mashindano ya ngoma kati ya vikundi vya Usukumani. Asubuhi ni ibada na mchana ni uwanja.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam, Arusha au Mwanza mjini, tukio hilo linaweza kuonekana kuwa burudani ya msimu, jambo la kupigwa picha na kusahauliwa. Hata hivyo, linaibua swali ambalo Tanzania imelikwepa tangu Uhuru: je, taifa hili lina chombo chochote cha muziki kinachoweza kuitwa cha kitaifa, chenye wapigaji wanaolipwa, mahali pa kufanyia mazoezi na wajibu wa kulirithisha taifa muziki wake?

Jibu fupi ni kwamba halina. Ghana iliunda Okestra ya Taifa ya Simfoni mwaka 1959, miaka miwili tu baada ya kupata uhuru. Oman, nchi yenye udugu wa damu na lugha na Pwani ya Waswahili, ilianzisha okestra yake ya kifalme ya simfoni mwaka 1985 kwa amri ya Sultani Qaboos, ikiwafundisha vijana wa Kioman ala ambazo wengi wao hawakuwa wamewahi kuzishika. Tanzania, yenye makabila zaidi ya 120 na utajiri wa ngoma usio na kifani katika eneo hili, haina chombo cha namna hiyo, iwe cha fidla na tarumbeta au cha zeze na marimba.

Swali la pili ni gumu zaidi: je, kukosekana kwake ni hasara? Ili kulijibu, ni vema kuitazama Bujora yenyewe na kujiuliza imewezaje kudumu wakati vyombo vingi vilivyoundwa na dola vimekufa.

Makao ya ngoma zilizopoteza dola

Bujora ipo wilayani Magu, kilometa takriban 20 mashariki mwa jiji la Mwanza, katika barabara ile ile inayowapeleka watalii kwenye lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti. Makumbusho ya Wasukuma yaliyopo hapo yalitokana na kazi ya Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao Watanzania wengi wanawafahamu kwa jina la White Fathers. Alifika Bujora katika miaka ya 1950, akajifunza Kisukuma, na kwa kushirikiana na wazee na wataalamu wa mila akaanza kukusanya nyimbo, hadithi, vifaa na habari za watemi.

Kanisa alilolijenga lilisema wazi msimamo wake. Jengo ni la mviringo kwa mfano wa nyumba ya Kisukuma, na altare yake ina umbo la kiti cha enzi cha mtemi. Hiyo ilikuwa miaka ambayo katika parokia nyingi za Afrika Mashariki ngoma ilikuwa bado inasubiri nje ya mlango wa kanisa, ikihesabiwa kuwa chombo cha ushenzi. Ilibidi ufike Mtaguso wa Pili wa Vatikani wa mwaka 1962 hadi 1965 ndipo matumizi ya muziki wa asili katika ibada yakapata baraka rasmi kwa upana.

Jambo lenye uzito zaidi kisiasa ni ngoma za kitemi. Katika tawala za jadi za Usukumani ngoma haikuwa ala ya kuchezea tu. Ilikuwa sehemu ya mamlaka, ikilia mtemi anaposimikwa, anapofariki na panapokuwa na hatari. Mwaka 1963 Serikali ya Tanganyika huru ilifuta kwa sheria mamlaka ya machifu. Ilikuwa na sababu zake: machifu wengi walikuwa wamefanywa sehemu ya utawala wa Mwingereza, na taifa changa halikutaka tawala ndogo ndogo ndani yake.

Sheria ile, hata hivyo, haikusema ngoma zipelekwe wapi. Watemi waliondolewa katika utawala, na vifaa vya enzi vikabaki katika nyumba za familia, vikiliwa na mchwa au kuuzwa kwa wakusanyaji. Bujora ikawa makao ya sehemu ya urithi huo. Leo mgeni huonyeshwa ngoma za kitemi kutoka maeneo mbalimbali ya Usukumani, banda la vyama vya wachezaji, nyumba ya mhunzi na makazi ya jadi.

Miaka 58 baada ya sheria hiyo, Septemba 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alihudhuria tamasha la utamaduni lililoandaliwa na machifu pale pale Kisesa, wilayani Magu, na kupewa jina la Chifu Hangaya. Dola iliyowavua machifu madaraka ilirudi kupokea heshima kwao. Kwa wafuatiliaji wa mambo ya utamaduni, tukio hilo lilionyesha kwamba ngoma na alama za enzi hazikuwa zimepoteza nguvu yake mbele ya umma.

Majaribio matatu ya dola

Itakumbukwa kwamba Mwalimu Julius Nyerere, alipolihutubia Bunge kama Rais Desemba 1962, alitangaza kuundwa kwa wizara mpya ya utamaduni wa taifa na vijana. Alieleza jinsi ukoloni ulivyowafanya Waafrika wauonee haya utamaduni wao, wakajifunza kwa bidii dansi za kizungu huku wakizisahau ngoma zao wenyewe. Kutokana na msimamo huo kulifuatia majaribio ambayo, yakitazamwa leo, yalikuwa namna ya kutafuta okestra ya taifa bila kulitumia jina hilo.

La kwanza lilikuwa Kikundi cha Taifa cha Ngoma, kilichoanzishwa katika miaka ya 1960. Wachezaji na wapigaji walichukuliwa kutoka mikoani, wakaajiriwa na kuwekwa Dar es Salaam. Baadaye viliongezwa vikundi vya sarakasi na maigizo. Ni kupitia juhudi hizo za kitaifa ambapo mtu kama Hukwe Zawose, bingwa wa zeze na marimba kutoka Ugogo, aliyefariki mwaka 2003, alipata jukwaa lililomfikisha baadaye katika kumbi za dunia. Bugobogobo ya Wasukuma, pamoja na urushaji wake wa majembe, iliingia katika orodha ya ngoma ambazo kila kikundi cha mjini kililazimika kuzijua.

Mfumo huo ulikuwa na kasoro moja kubwa. Ngoma inayochezwa kijijini kwa saa nyingi, kwa maneno yanayobadilika kufuatana na mambo ya siku hiyo, ilifupishwa kuwa dakika chache za kumpokea mgeni uwanja wa ndege. Nyimbo zilitungwa upya kusifu chama na Serikali. Mpigaji akawa mtumishi wa umma, na mtazamaji wake mkuu akawa kiongozi aliyeketi jukwaani. Uchumi ulipodorora mwishoni mwa miaka ya 1970, hakukuwa na umma wa kukitetea kikundi hicho, na kikavunjwa. Mwaka 1981 ukafunguliwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho mwaka 2007 kiligeuzwa kuwa wakala wa Serikali kwa jina la Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa.

Jaribio la pili halikutangazwa kama sera ya muziki, lakini matokeo yake yalikuwa makubwa zaidi. Ni zile bendi za dansi. Watanzania walikwisha kulifahamu neno okestra muda mrefu; kwao lilikuwa na maana ya gitaa, tumba, saksafoni na tarumbeta. DDC Mlimani Park Orchestra, iliyoundwa mwaka 1978, ilikuwa ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964 na ambayo baada ya kupitia majina ya JUWATA na OTTU ikaja kuwa Msondo Ngoma, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Polisi, Jeshi la Kujenga Taifa, Shirika la Bima na Umoja wa Vijana, wote walikuwa na bendi zao.

Utaratibu ulikuwa rahisi. Shirika lilinunua vyombo, likawalipa wanamuziki mshahara na kuchukua mapato ya mlangoni. Radio Tanzania ikarekodi. Mwanamuziki alikuwa na kipato cha mwezi na mtunzi alikuwa na muda wa kutunga. Kwa miongo miwili mfumo huo uliipatia nchi muziki ambao hadi leo hupigwa harusini na kwenye vyombo vya habari. Mashirika ya umma yalipoanza kufilisika na kubinafsishwa, na vyombo vikazeeka bila wa kuvinunua upya, bendi nyingi zikafa. Chache zilizobaki zikajiendesha zenyewe.

Jaribio la tatu ni la sheria na taasisi. Baraza la Muziki lilianzishwa mwaka 1974, na Sheria Namba 23 ya mwaka 1984 ikaunda Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA. Sera ya Utamaduni ikafuata mwaka 1997. Vyombo hivyo husajili, huratibu na hutoa vibali. Kazi ya kupiga muziki si yao. Hivyo nchi ikabaki na walezi wa muziki bila kundi la taifa la kulelewa.

Katika majaribio yote matatu kuna kitu kimoja kinachofanana: chombo kiliishi kadiri alivyoishi mlipaji. Alipoondoka, wapigaji wakatawanyika na kila mmoja akaondoka na ujuzi wake.

Walichofanya wengine

Mifano ya karibu inaonyesha kwamba njia ni zaidi ya moja.

Zanzibar, kwa mfano, imekuwa na okestra kwa zaidi ya karne moja. Mapokeo ya visiwa hivyo yanaeleza kwamba Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alivutiwa na muziki wa Misri na kumpeleka kijana Mohamed Ibrahim kujifunza Cairo. Mwaka 1905 kikaundwa chama cha Nadi Ikhwan Safaa, ambacho bado kipo. Culture Musical Club ilianza mwaka 1958. Fidla, udi, kanuni, nai, akodiani na besi hupigwa pamoja kwa nidhamu ya okestra kamili, na wanachama wake wengi kwa miaka yote hiyo wamekuwa watu wenye kazi nyingine za mchana. Vyama hivyo vimedumu kwa sababu ni vyama: vina wanachama, michango, wapenzi na hata mahasimu.

Kinyume chake, shule ya muziki ya Zanzibar inayofahamika kwa kifupi cha DCMA, iliyofunguliwa mwaka 2002 na kuwafundisha vijana wengi taarabu na ala zake, ilitangaza mwaka 2019 kwamba ilikuwa hatarini kufungwa baada ya fedha za wafadhili kupungua. Mafunzo mazuri peke yake hayakutosha kuilinda.

Kinshasa kuna mfano unaotajwa dunia nzima. Mwaka 1994 Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu na aliyekuwa rubani, aliunda Okestra ya Simfoni ya Wakimbangu kutoka kwa waumini wa kanisa lake. Ala zilikuwa chache kuliko watu, zikapigwa kwa zamu. Nyuzi za fidla zilipokatika, kebo za breki za baiskeli zilitumika badala yake. Filamu ya mwaka 2010 iliwafanya wajulikane Ulaya. Serikali ya Kongo haikuwa mwanzilishi. Nguzo ilikuwa kanisa lenye watu na nidhamu.

Nairobi, mradi wa Ghetto Classics ulianza Korogocho kando ya dampo la Dandora na umewafikisha watoto wa mitaa hiyo kwenye majukwaa makubwa. Accra, mbali ya okestra ya taifa, Nana Danso Abiam aliunda mwaka 1988 okestra ya Kiafrika isiyotumia fidla wala klarineti, bali filimbi za mwanzi, vinubi, pembe na ngoma kutoka sehemu mbalimbali za bara hili. Mfano huo wa mwisho ndio unaoigusa Bujora kwa karibu zaidi, kwa kuwa unaonyesha kwamba okestra ni mpangilio wa watu na sauti. Aina ya ala ni uamuzi wa wenyewe.

Uwanja unavyoamua

Bujora, kwa upande wake, imedumu kwa kanuni ambayo haikutungwa na ofisi yoyote. Ngoma za Wasukuma zimegawanyika katika vyama viwili vikuu, Bagalu na Bagika, vinavyojihusisha na waasisi wao, Gumha na Ngika, waganga na wachezaji mahiri ambao mapokeo yanasema walishindana kuonyesha nani ana dawa kali zaidi ya kuwavuta watu. Kila kikundi cha ngoma, kiwe cha wachezao na nyoka, cha wawinda nungunungu au cha wakulima wa bugobogobo, hujitambulisha na upande mmojawapo.

Mashindano hufanyika baada ya mavuno, kati ya Juni na Agosti. Vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, kila kimoja upande wake. Watazamaji hutembea. Wakichoshwa na upande huu, huhamia ule. Mshindi ni yule mwenye umati mkubwa zaidi muda unapokwisha.

Matokeo ya kanuni hiyo ni makubwa. Kwanza, hulazimisha ubunifu. Manju hawezi kurudia nyimbo za mwaka jana, kwa kuwa watu wamekwisha zisikia. Lazima atunge mpya, zenye habari za bei ya pamba, ukame, viongozi, wizi wa mifugo au mapenzi. Ndiyo maana watafiti waliorekodi nyimbo za Usukumani, tangu Hugh Tracey alipopita Tanganyika mwaka 1950 hadi Frank Gunderson aliyechapisha kitabu kikubwa kuhusu nyimbo za kazi za Wasukuma mwaka 2010, walikuta ndani yake historia ambayo haikuandikwa katika jalada lolote la Serikali.

Pili, kanuni hiyo huufanya umma kuwa mwajiri. Kikundi hakichezi kwa ajili ya mgeni rasmi. Kikimchezea yeye na kuusahau umati, umati huondoka. Wakati kikundi cha taifa kilipokosa watetezi siku ya kuvunjwa, vikundi vya Usukumani havikuwahi kumhitaji mtu wa kuvitetea.

Tatu, kuna uhusiano na kazi. Bugobogobo ilitokana na vikundi vya wakulima waliolima mashamba ya watu kwa zamu, jembe likishuka kwa mdundo. Mwenye shamba alilipa kwa chakula au ng'ombe, na ngoma ilikuwa kipimo cha kasi. Muziki huo ulikuwa na nafasi yake katika uchumi kabla haujawa sanaa ya kutazamwa.

Pengo lisilozibwa na tamasha

Hata hivyo, ni kosa kuidhania Bujora kuwa imemaliza tatizo. Kipo kitu ambacho mashindano ya msimu hayawezi kukifanya, na hapo ndipo hoja ya kuwa na okestra ya taifa inapopata nguvu.

Mashindano hupendelea kinachovuta umati. Ngoma kubwa, sarakasi, nyoka na vichekesho vina nafasi uwanjani. Zeze la mzee mmoja anayeimba kwa sauti ya chini halina. Umati wa watu elfu kadhaa hauwezi kumsikia, na hivyo hana mwanafunzi. Muziki wa namna hiyo, unaohitaji ukimya na muda, ndio unaopotea kwanza, na hupotea bila mtu kutangaza.

Aidha, jembe lenyewe linabadilika. Pale trekta na ng'ombe wa kukokota wanapochukua nafasi ya kikundi cha wakulima, wimbo wa kulimia hukosa shamba. Vijana wa Kisesa, ambako jiji la Mwanza linazidi kusogea kila mwaka, wana singeli na bongofleva kwenye simu zao. Hilo si kosa la vijana. Mpigaji wa ngoma hulipwa kwa siku za tamasha na harusi, ilhali kodi ya nyumba hulipwa kila mwezi.

Makumbusho nayo yana mipaka yake. Ngoma iliyowekwa bandani inasalimika na mchwa, lakini haisalimiki na ukimya. Mgeni huambiwa ilikuwa ya mtemi gani, lakini namna ilivyopigwa siku ya kusimikwa inabaki katika kumbukumbu za wazee wachache, nao hawadumu. Bujora ni mali ya Kanisa, chini ya Jimbo Kuu la Mwanza, na si taasisi ya Serikali. Kanisa lina shule, hospitali na parokia za kuendesha. Si haki kulitazamia libebe peke yake urithi wa kabila kubwa kuliko yote nchini.

Tanzania iliridhia mwaka 2011 Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 wa kulinda urithi wa utamaduni usioshikika. Mkataba huo unazitaka nchi wanachama ziorodheshe urithi wao na kuurithisha, na kurithisha maana yake ni mwalimu na mwanafunzi kukaa pamoja kwa miaka. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 nayo inatambua kazi za sanaa za jadi, lakini mirabaha huwafuata watunzi waliosajiliwa, na wimbo wa kijiji hauna jina la mtunzi mmoja. Nyimbo za Bujora zinaweza kuingizwa katika muziki wa kibiashara bila kijiji kupata chochote.

Fidla au zeze?

Wapo wanaopinga wazo lolote la okestra ya taifa. Hoja yao ni nzito. Nchi ambayo bado ina upungufu wa madawati na dawa, wanasema, haiwezi kuwalipa watu 60 mshahara wa kupiga muziki wa Ulaya kwa wasikilizaji wachache wa Oysterbay na Masaki. Wanaongeza kwamba historia ya kikundi cha taifa inatosha kuwa onyo: dola ikishika ngoma, ngoma huanza kuisifu dola.

Upande wa pili unajibu kwamba vipaji vya muziki wa mpangilio vipo tayari. Kwaya za makanisa, zikiwamo za Mwanza, zimewafundisha maelfu ya Watanzania kusoma muziki kwa sol-fa na kuimba kwa sauti nne. Jeshi na Polisi wana bendi za tarumbeta zenye wapigaji waliofunzwa. Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira mkoani Arusha kinatoa shahada ya muziki. Bagamoyo ina walimu. Kinachokosekana, wanasema, ni mahali ambapo watu hao watakutana na kulipwa kwa kazi moja.

Hoja hizi mbili hazipingani sana kama zinavyoonekana. Hofu ya kundi la kwanza ni chombo cha mjini, chenye gharama, kisicho na umma. Hamu ya kundi la pili ni ujuzi kupata makao ya kudumu. Chombo kinachoweza kukidhi pande zote mbili ni kidogo, kinachoanza na ala za nchi na kuwashirikisha watu wa kwaya na bendi, na ambacho hakimilikiwi na ofisi ya waziri.

Mfano wa chombo hicho unaweza kutokana na mambo yaliyopo tayari. Vikundi vinavyoshinda Bulabo, tamasha la Bagamoyo lililoanza mwaka 1982, na matamasha ya Wagogo kule Chamwino vinaweza kutoa wapigaji wa mwaka mzima kwa mkataba, wakikaa pamoja miezi kadhaa, kisha kurudi kwao kufundisha. Mzee wa zeze apewe wanafunzi wawili na posho ya kumfanya awe na sababu ya kuwafundisha. Watunzi wa kwaya waagizwe kazi mpya kwa ajili ya ngoma na zeze. Rekodi za iliyokuwa Radio Tanzania zifunguliwe kwa wapigaji hao, ili wajukuu wasikie walivyopiga babu zao.

Shule ni mlango mwingine. Mitaala iliyoanza kutumika mwaka 2024 imeipa sanaa nafasi katika elimu ya msingi. Somo hilo litabaki karatasini iwapo mwalimu wa Magu hatakuwa na ngoma darasani wala mtu wa kumwonyesha inavyopigwa. Mtu huyo anaishi kijiji jirani, hana cheti, na kwa utaratibu wa sasa si rahisi kumlipa.

Gharama za kungoja

Fedha si hoja ya kupuuzwa, lakini nayo ina pande mbili. Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa mwaka 2025 limerahisisha safari kati ya Mwanza na mikoa ya magharibi ya Ziwa. Barabara ya Musoma inapitisha watalii wa Serengeti. Mgeni anayepita Kisesa siku ambayo si ya tamasha hukuta makumbusho na mwongozaji. Akikuta pia kundi linalopiga kila Jumamosi, atakuwa na sababu ya kulala Mwanza usiku mmoja zaidi. Mapato ya aina hiyo hayawezi kulibeba kundi zima, ila yanaweza kulipunguzia kutegemea mlipaji mmoja, ugonjwa uliowaua watangulizi wake.

Upo pia ushahidi wa gharama ya kutofanya kitu. Kikundi cha taifa kilipovunjwa na bendi za mashirika zilipokufa, nchi haikupoteza burudani, kwani burudani nyingine ilikuja upesi. Ilichopoteza ni mafunzo: namna kijana alivyokaa nyuma ya mpigaji mkubwa kwa miaka mitano kabla hajaruhusiwa kupiga peke yake. Uhusiano huo ukikatika kwa kizazi kimoja, fedha za kizazi kinachofuata haziwezi kuununua.

Wasukuma wameuhifadhi uhusiano huo kwa sehemu, kwa kuwa uwanja wao unaendelea kuwadai nyimbo mpya kila Juni. Wameshindwa kuuhifadhi kwa sehemu nyingine, ile ya ala za sauti ndogo na ngoma zisizopigwa tena. Sehemu ya kwanza haihitaji Serikali, na pengine inafaa iachwe kama ilivyo. Sehemu ya pili haina mwingine wa kuikimbilia.

Wahenga walisema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Bulabo ijayo, umati utahama tena kutoka upande huu wa uwanja kwenda ule na mshindi atapatikana bila barua ya mtu yeyote. Mita chache kutoka hapo, ndani ya banda, ngoma za watemi zitakuwa zimenyamaza kama mwaka uliopita. Wanaozijua midundo yake bado wapo, ingawa ni wachache kuliko mwaka jana.